Mwanakondoo anamjua mama yake kwa tumbo: mwongozo wa masaa ya kwanza baada ya kuzaa

Msimu wa kuzaa ukishaanza malalamiko ni yale yale, kondoo wangu kamkataa mtoto, mwingine anampiga vichwa, mwingine kazaa mapacha kaondoka na mmoja, na watu wanakimbilia kusema huyo mama ana roho mbaya. Wapo wa hivyo, wachache, nitawafikia mwishoni. Ila ukifuatilia vizuri unakuta shida ilianza mapema, kwenye yale masaa matano sita ya mwanzo, na mara nyingi kuna mkono wa mtu hapo: mtoto kabebwa, kaogeshwa na sabuni, kapewa chupa jikoni, jioni anarudishwa zizini mama hamtaki na mtoto mwenyewe anamfuata aliyemlisha. Sasa roho mbaya inatoka wapi hapo?

Kabla ya hatua zenyewe shika kitu kimoja, maana hatua zote zimekaa juu yake. Mama na mtoto hawajuani kwa njia moja. Mama anamjua mtoto kwa pua. Mtoto anamjua mama kwa tumbo.

Upande wa mama iko hivi. Kondoo jike ambaye hajazaa hata hapendi harufu ya maji ya uzazi, mwekee mwanakondoo mbichi mbele yake atageuza shingo. Akianza kuzaa, ile presha ya mtoto kupita kwenye njia ya uzazi inapeleka taarifa kwenye ubongo, homoni ya oksitosini inamwagika humo humo, na ghafla kile alichokuwa anakikimbia anakilamba kama chumvi. Watafiti wa Cambridge kule Uingereza, kina Keith Kendrick na Barry Keverne, miaka ya 1980 waliweza kuamsha umama kwa majike ambao hata mimba hawana kwa kuwapa oksitosini moja kwa moja kwenye ubongo. Hali hiyo haidumu. Akimlamba na kumnusa mtoto kwa saa moja au mawili anakuwa kashaikariri harufu yake, na kuanzia hapo mtoto mwingine akija kunyonya anakula kichwa. Na kama masaa hayo yamepita hajapata mtoto wa kumlamba, hamu yenyewe inaanza kupotea.

Upande wa mtoto ndo watu wengi hawaujui. Ufaransa kuna kituo cha utafiti Nouzilly, karibu na mji wa Tours, Raymond Nowak na wenzake wamekaa na hili swali miaka mingi. Walichukua wanakondoo waliokaa na mama zao kama kawaida, wanalambwa, wanaitwa, kila kitu, isipokuwa kunyonya walizuiwa masaa 6 ya kwanza. Kesho yake wakawaweka mahali penye majike wawili, mama upande huu na jike mgeni upande ule, wakaangalia mtoto anakaa kwa nani. Walionyonya tangu mwanzo walienda kwa mama. Walionyimwa hawakuonyesha kumpendelea mama yao. Lakini dang'a, yale maziwa ya kwanza ya mama, ikipelekwa tumboni kwa mpira wa kulishia, mtoto akiwa yuko na mama yake, mapenzi yanakuja. Yaani kinachofundisha sana ni tumbo kupata dang'a. Utumbo ukipokea ile dang'a unatoa homoni inaitwa kolesistokinini, ubongo unapokea ujumbe kwamba hapa ndo penyewe, na chochote kilichopo pale, harufu, joto, sauti, mtoto anakiweka alama. Watafiti walipoizuia hiyo homoni kwa dawa, mtoto alishiba na bado hakumpendelea mama.

Ukishaelewa hilo utaona kwanini chupa ya jikoni ni hatari kiasi hicho. Maziwa yenyewe hayana tatizo, tatizo ni kwamba mtoto kashibia mahali ambapo mama hayupo.

HATUA YA 1: Anza na tumbo la mama, wiki 6 kabla

Mimba ya kondoo ni kama miezi mitano, siku 147 hivi, na sehemu kubwa ya mtoto inakua kwenye wiki 6 za mwisho. Huko ndiko dang'a inakotengenezwa pia. Jike aliyekonda muda huo anatoa dang'a kidogo, nzito kama gundi, mtoto anavuta mpaka anachoka, na mama mwenyewe akiwa na njaa anamwacha mtoto mapema akatafute majani. Kwahiyo ukiona mama anaondoka dakika chache baada ya kuzaa usianze na uchawi, pitisha mkono mgongoni kwake. Uti wa mgongo ukiwa umechongoka kama msumeno, jibu umelipata.

Kwa wanaozalisha mwisho wa kiangazi hapa ndo pagumu, malisho yameisha na mimba ndo inataka chakula. Tenga wenye mimba kubwa, wape nyasi kavu nzuri ulizotunza, pumba kidogo na mashudu ya alizeti, maji na chumvi ya kulamba visikosekane. Anza taratibu, usimwage pumba siku moja wakavimbiwa. Kama kondoo wako ni wa sufu, wale wa kule Molo na Kinangop, kata sufu inayozunguka kiwele, la sivyo mtoto atanyonya sufu nusu saa nzima akidhani ni chuchu. Wenye Kondoo Wekundu wa Kimasai na Dorper hilo haliwahusu.

HATUA YA 2: Akianza kuzaa, kaa mbali

Utamuona tu, anajitenga na kundi, anakwangua chini na kwato, analala anainuka, ananusa ardhi. Pale alipochagua muache hapo hapo kama ni salama. Maji ya uzazi yakimwagika chini, harufu ya ile sehemu ndo inamshikilia mama asiondoke, ukimhamisha katikati atarudi kuitafuta na mtoto atabaki huku.

Toa mbwa, toa watoto, toa na majirani wanaokuja kushangaa. Na toa wale majike wengine ambao nao wako karibu kuzaa! Hawa ni wezi. Jike aliyebakiza siku moja au mbili homoni zimeshampanda, akimkuta mtoto wa mwenzie anamlamba na kumchukua kabisa, alafu akizaa wake anamtelekeza yule wa kuiba, na mama halisi hapo kashapotezewa muda.

Uchungu mkali ukiendelea kama saa moja na hakuna kinachotoka, au unaona kichwa bila miguu, muite daktari wa mifugo, usivute vute.

HATUA YA 3: Dakika 30 za kwanza, mikono mfukoni

Mtoto katoka. Kama pua na mdomo vimefunikwa na utando, utoe kwa vidole, msugue kifua na nyasi kavu kama hapumui vizuri, basi. Akishapumua mvute taratibu mpaka chini ya pua ya mama alafu rudi nyuma. Mama amechoka anaweza kulala kidogo, kwahiyo mtoto ndo apelekwe kwa pua, pua isisubiriwe ije kwa mtoto.

Usimfute akauke. Usimuogeshe. Najua anaonekana mchafu, ute wa njano, damu damu, unatamani umpangusie na tambara, ila ule uchafu ndo kitambulisho chake. Wafaransa walijaribu kuwaosha wanakondoo kabla mama hajawalamba, na wanaozaa mara ya kwanza ndo waliopata shida zaidi kuwapokea. Mama mzoefu anaweza kusamehe, mtamba hasamehi.

Sikiliza. Mama mzuri anatoa mlio wa chini chini, mdomo umefumba, unatokea kama kifuani, tofauti kabisa na ile mee ya kumuita mwenzie. Ukiusikia huo na ulimi unafanya kazi, wewe huna kazi hapo. Kitovu chovya kwenye aidini haraka uondoke, kitovu tu, usimpake mwili mzima, na mikono isiwe imetoka kwenye sabuni ya kunukia au mafuta ya kujipaka.

HATUA YA 4: Safari ya kwenda kwenye kiwele

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kiini chenyewe.

Mwanakondoo mzima anasimama ndani ya nusu saa hivi, anaanguka, anasimama tena, na ndani ya saa moja mpaka mawili anatakiwa awe ameshanyonya. Akishasimama anaanza kupapasa na pua. Anaenda kifuani kwa mama, anarudi, anajaribu mguu wa mbele, ananyonya goti, anafuata ubavu. Anachotafuta ni sehemu yenye joto, isiyo na manyoya, na yenye harufu, maana pale kwenye mapaja karibu na kiwele kuna nta fulani inatoka kwenye ngozi na harufu yake inawavuta wanakondoo. Wakati huo mama anajipinda, anampisha mguu, anamsukuma na pua matakoni kumuelekeza nyuma. Angalia mkia wa mtoto: akiipata chuchu na maziwa yakaja, mkia unaanza kutikisika kwa kasi, na mama ananusa pale pale chini ya mkia. Kila akinyonya mama ananusa pale. Kumbuka hiyo sehemu, utaihitaji kwenye hatua ya mwisho.

Kabla mtoto hajafika kazi yako ni moja: mshike mama taratibu, kila chuchu ikamue mara mbili tatu. Ile ya kwanza ina kizibo cha nta, mtoto dhaifu hawezi kukitoa. Hapo hapo unapapasa kiwele, kama upande mmoja ni mgumu, wa moto, au kinachotoka kina mabonge au majimaji ya damu, hiyo ni ugonjwa wa kiwele na mama atampiga mtoto teke kwa maumivu, sio kwa chuki. Huyo anahitaji daktari na mtoto anahitaji dang'a ya kutoka kwingine. Kama ni kizima, muachie.

Kosa ambalo watu wanalifanya hapa ni haraka. Dakika 20 mtoto hajapata, mtu anamshika kichwa anamsukumia kwenye chuchu, mtoto anakaza shingo anarudi nyuma, mama anashtuka anazunguka, na wote wawili sasa wanakuogopa. Kama saa imepita na bado anahangaika, muegemeze mama ukutani au mlaze ubavu, mweke mtoto kiweleni, mkamulie dang'a kidogo kwenye midomo, mkwaruze na kidole juu ya shina la mkia vile mama angefanya kwa pua. Wengi wanaanza kunyonya hapo hapo.

HATUA YA 5: Hakikisha amenyonya kweli

Kumuona yuko chini ya mama sio ushahidi, anaweza kuwa ananyonya manyoya. Mnyanyue kidogo kwa chini ya miguu ya mbele upapase tumbo nyuma ya mbavu. Aliyeshiba tumbo limejaa, laini, lina umbo. Mwenye njaa ni bapa na ngozi inalegea. Ingiza kidole mdomoni, mdomo ukiwa wa moto na ananyonya kidole kwa nguvu ni sawa, mdomo ukiwa baridi hiyo ni dharura. Na mtoto aliyeshiba akiamka usingizini anajinyoosha mgongo mzima, mwenye njaa anasimama amejikunja kichwa chini.

Kipimo cha kufuata ni mililita 50 za dang'a kwa kila kilo ya uzito kwenye mlo wa kwanza, mapema iwezekanavyo, na jumla kama mililita 200 kwa kilo kwenye masaa 24. Mtoto wa kilo 3 basi ni mililita 150 mwanzoni, na 600 mpaka kesho yake saa hizo hizo. Na kinga pia iko humo humo, kondo la nyuma la kondoo halipitishi kinga kwenda kwa mtoto, anazaliwa mikono mitupu, na utumbo wake unazipokea zile kinga vizuri masaa ya mwanzo tu, ikifika kama masaa 24 umefunga. Kwahiyo masaa sita yale yale ya kwanza yanabeba uhai na kujuana kwa pamoja. Wale wanaomwaga dang'a eti ni chafu kwa rangi yake ya njano, jamani acheni.

HATUA YA 6: Hajanyonya, saa ya pili inaisha

Pima joto kwanza, themomita ya kawaida ya agroveti kwenye haja kubwa. Kawaida ni nyuzi 39 mpaka 40. Kati ya 37 na 39 mkaushe mgongo kwa nyasi, kinga upepo, mpe dang'a. Chini ya 37 usimnyweshe chochote kwanza, hawezi kumeza vizuri na tumbo halifanyi kazi, mpashe joto. Hapo kuna jambo la kuangalia: kama ameshapita masaa matano tangu azaliwe, sukari yote ya mwilini imeisha, ukimpasha moto kwa kasi anaweza kupata degedege akafa mikononi mwako, huyo anatakiwa apigwe sindano ya glukosi ya tumboni kabla ya kupashwa, kazi ya daktari au afisa mifugo, sio ya kujifunzia.

Kupasha joto sio lazima umpeleke ndani ya nyumba. Boksi la kadibodi, nyasi kavu, chupa mbili za maji ya moto zimefungwa kwenye gunia, boksi lenyewe liko ndani ya zizi mbele ya mama, aone, anuse, aite. Usiku wa baridi kama wa Njombe au Limuru unashawishika umlaze karibu na moto jikoni, kisha asubuhi ananuka moshi na mama anamnusa kama mgeni. Ukilazimika kumtoa, iwe muda mfupi na usimkaushe ule ute wote.

Kisha dang'a. Bora ni ya mama yake mwenyewe, mkamue kwenye kikombe kisafi. Ikikosekana tumia ya kondoo mwingine wa boma lako aliyezaa siku hiyo, au mbuzi. Ya ng'ombe inasaidia ila ni nyepesi kwa kondoo, itabidi uongeze kiasi, na mara chache sana inaleta shida ya damu kwa wanakondoo, ndo maana naiweka mwisho. Mwenye friza agandishe ziada kwenye vichupa vidogo, inakaa hata mwaka, ikitakiwa unaiyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, usiichemshe wala kuiweka kwenye maikrowevu, kinga zinakufa unabaki na mtindi. Maji ya glukosi na maziwa ya pakiti havina kinga hata chembe, vinasukuma muda tu.

Namna ya kumpa inategemea mtoto. Ana nguvu ya kunyonya, chupa yenye chuchu laini. Hana nguvu lakini ana fahamu na anashikilia kichwa, mpira wa kulishia wenye ncha ya mviringo: upime kwa nje kutoka mdomoni mpaka ubavu wa mwisho uweke alama, ulainishe, uingize pembeni ya mdomo taratibu akiwa anameza mwenyewe, akikohoa au kuhangaika sana utoe uanze upya maana umekaribia mapafu. Ukifika kwenye alama mimina dang'a yenye joto la mwili ishuke yenyewe, usisukume na bomba la sindano. Kama hujawahi kuona ikifanywa, muombe afisa mifugo akuonyeshe kabla ya msimu, sio usiku ule.

Na sasa jambo lenyewe la mwongozo huu: chupa au mpira, mlishie chini ya pua ya mama. Piga goti zizini, mtoto katikati ya mapaja yako, kichwa chake kimeelekea kiwele cha mama, makalio yake yako upande wa pua ya mama. Tumbo linapojaa mtoto awe anasikia ule mlio wa kifuani na ananusa ngozi ya mama, sio shati lako. Msaidizi amshike mama kama hatulii. Ukimaliza mpake mtoto dang'a kidogo chini ya mkia na mgongoni, muachie hapo hapo, ondoka. Usimbembeleze. Usimpe jina na kumuita. Mlo wa pili mjaribu kiweleni kwanza, na kama bado umpe nusu tu ya kumtia nguvu ili njaa imrudishe kwa mama, maana mtoto uliyemshibisha kila baada ya masaa mawili hana sababu ya kutafuta chuchu.

HATUA YA 7: Mapacha, na kuzaa machungani

Mapacha wanapotea kwa sababu mama anahama kabla wote hawajajua wa kumfuata. Kwa kondoo wa Merino kule Australia ilionekana mama akikaa pale alipozalia angalau masaa 6, pacha wanapona na kubaki pamoja zaidi, akiondoka mapema mmoja anaachwa. Kwahiyo mpelekee maji na majani pale pale, asiwe na sababu ya kutembea. Angalia kila mmoja kwa tumbo lake, mkubwa anaweza kuwa kamaliza chuchu zote mbili na mdogo kabaki na kulambwa tu.

Akizaa machungani na fisi wapo, kumuacha haiwezekani, inabidi warudi. Ila kijana wa kuchunga asimtupie mtoto begani akaondoka nae. Pua ya mama iko chini, mtoto akipanda juu amepotea kwake, utamuona anageuka anakimbia kurudi pale alipozalia huku analia. Mshike mtoto kwa miguu ya mbele, mbebe karibu na ardhi, tembea kinyume nyume au polepole, mama awe anagusa na pua njia nzima. Akisita, mshushe mtoto alie kidogo, endelea. Inachosha mgongo kweli, ila wanafika wote.

HATUA YA 8: Wafungie pamoja

Kachumba kadogo, mita moja na nusu kwa moja na nusu, mbao au miba vyovyote, nyasi kavu chini, ndoo ya maji iliyoinuliwa mtoto asizame. Mtoto mmoja siku moja, mapacha siku mbili, mtamba muongezee. Mtoto wa siku moja anamtambua mama akiwa karibu, kumpata kwa mbali kwa macho na sauti katikati ya kundi ni mpaka siku ya pili ya tatu. Ukiwatoa siku ya kwanza kwenye kundi la kondoo sitini umewapa mtihani ambao hawajasomea.

Wale wa utaratibu wa mama kwenda malishoni na watoto kubaki bomani, siku mbili tatu za mwanzo mbakize mama nae, kata majani mlete. Baada ya hapo watakutana jioni kila mtu na wake, kelele tupu dakika tano alafu kimya.

HATUA YA 9: Mama kakataa, au mtoto hana mama

Tafuta sababu kabla ya kulazimisha. Kiwele kinauma? Chuchu ina kidonda? Yeye mwenyewe ana homa, au ana njaa? Mtoto ananuka dawa? Ukitibu hilo mara nyingi yameisha. Kama hakuna, mfunge kamba shingoni kwenye kona, fupi lakini aweze kulala na kula, ili mtoto anyonye bila kupigwa, siku mbili mpaka nne. Mpakaze mtoto maji ya uzazi kama bado yapo kwenye nyasi, hasa pale chini ya mkia. Usimpige mama, atahusisha kipigo na mtoto.

Yatima anapachikwa vizuri zaidi kwa jike anayezaa dakika hiyo hiyo. Mlowanishe yatima na maji ya uzazi ya huyo jike, mfunge miguu kidogo ili ahangaike chini kama mtoto aliyezaliwa sasa hivi, mweke mbele ya pua kabla au sambamba na mtoto wa kweli. Akishaanza kulamba wote wawili mfungue. Huyo yatima asiwe ameshiba chupa, njaa ndo itampeleka.

Jike aliyefiwa na mtoto, chuna ngozi ya marehemu kama fulana, matundu manne ya miguu, na ngozi ya matakoni na mkia ibaki, usiikate, ndo pale mama anaponusa. Mvalishe yatima akiwa na njaa, mpe mama. Siku mbili tatu maziwa ya mama yakishapita tumboni na harufu yake kubadilika, unaanza kukata ngozi kidogo kidogo kutokea mbele, ya nyuma mwisho. Aliyekufa kwa ugonjwa usimchune, zika.

Na yule mwenye roho mbaya niliyewaahidi. Kondoo mzima, kashiba, kiwele safi, hakuna mtu aliyemgusa mtoto, na bado anampiga vichwa. Mtamba msamehe mara moja, wengi mzao wa pili wanakuwa mama wazuri sana. Akirudia mara ya pili mwekee alama ya rangi sikioni, mtoto wake wa kike usimuweke akiba, na yeye mnenepeshe aende mnadani kabla ya Idi, bei ya kondoo hapo huwa nzuri.